Sura ya Saba: Nailoni Nyuma ya Kava

Mvua ikinyesha Bukoba, maji huingia ndani ya mlango wa kila gari lililoegeshwa nje, liwe jipya au kuukuu. Kioo kinachopanda na kushuka kinahitaji mwanya wa kupitia, na raba inayokipangusa kwa nje hupunguza maji, haiyazuii yote. Maji hutiririka juu ya kioo, huzama kwenye ule mwanya, hushuka kati ya bati la nje na bati la ndani, hupita juu ya mashine ya kioo na loki, kisha hutokea chini kupitia matundu madogo yaliyoachwa kwenye ukingo wa mlango. Waliounda mlango walilijua hilo tangu kwenye karatasi ya michoro. Ndiyo maana vyuma vya ndani hupakwa grisi nzito, ndiyo maana yale matundu yapo, na ndiyo maana kati ya bati la ndani na lile kava tunaloegemeza kiwiko pamebandikwa karatasi ya nailoni kwa gundi nyeusi isiyokauka.

Sura hii ni ya kufungua kava la mlango na kulirudisha. Sababu za kulifungua ni nyingi: kioo kimegoma katikati, loki imekataa, spika inakoroma, mlango umegongwa, na fundi bodi anataka kuunyoosha kutoka ndani. Wengi wanaofundisha kazi hii huishia kwenye skrubu na klipu, na zote mbili tutazifikia. Lakini kwa mtu wa Kagera kazi hii ni kazi ya maji kabla ya kuwa kazi ya plastiki, na fundi wa kweli wa mlango utamjua kwa namna anavyoishika ile nailoni.

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Chanzo ni ziwa. Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na usiku, nchi kavu inapopoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana huko, hupanda na kujenga mawingu ya radi. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi ufuko wa magharibi, yaani kwetu. Kwa hiyo mvua nzito ya Bukoba mara nyingi hupiga usiku wa manane au alfajiri, gari likiwa limelala uani, vioo vimefungwa, injini ya baridi, hakuna cha kukausha kitu. Mwenye gari anaamka, anakanyaga zulia, linatoa maji. Anamlaumu mtoto kwamba aliacha kioo wazi. Kioo kilikuwa kimefungwa. Maji yamepita ndani ya mlango, yamekosa nailoni ya kuyarudisha upande wake, yakagonga mgongo wa kava na kuteleza hadi sakafuni.

Hapo ndipo hasara inapoanza, nayo huja polepole. Zulia la gari lina sponji nzito chini yake, na sponji ile ikilowa haikauki kwa jua la mchana mmoja. Huota ukungu, harufu inashika viti. Kwenye magari mengi ya Kijapani boksi la fyuzi na nyaya nyingi hupita pembeni mwa miguu ya dereva au ya abiria wa mbele, karibu kabisa na maji hayo yanapodondokea. Soketi zinashika kutu ya kijani, taa ya dashibodi inawaka na kuzima bila sababu, na fundi umeme anaitwa kutafuta ugonjwa ambao mzizi wake uko mlangoni. Kava lenyewe nalo huumia. Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, kina Corolla na Carina ambayo bado yanatembea, yana kava la ubao wa nyuzi zilizobanwa, likavishwa kitambaa au plastiki laini. Ubao ule ukinywa maji huvimba, hulainika, na zile sehemu zinazoshikilia klipu humeguka moja baada ya nyingine. Ukiona kava limeachia kwa chini na linapiga kelele kwenye matuta, usikimbilie kulipigilia skrubu. Tia mkono nyuma yake uone kama kuna unyevu.

Muleba inaongeza jambo jingine. Barabara kuu kutoka Bukoba kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba mjini na kuendelea Biharamulo ni lami, lakini watu na migomba na kahawa viko kwenye barabara za kuingilia ndani, na nyingi kati ya hizo ni udongo mwekundu na changarawe. Kiangazi cha Juni hadi Agosti vumbi lile laini linaingia kwenye mwanya uleule wa kioo na kutulia chini ya mlango. Mvua zikirudi mwezi wa tisa, vumbi linageuka tope, tope linaziba matundu ya chini, na mlango unabaki na maji tumboni. Dalili yake husikika: ukifunga mlango, kitu kinachapa ndani. Ukiisikia sauti hiyo leo, usingoje kesho. Kutu ya mlango huanza ndani na kutokea nje, na rangi inapofura kwenye ukingo wa chini, bati la nyuma yake limekwisha kuliwa.

Tuangalie gari ambalo kila mtu wa ukanda huu analijua. Toyota Probox ilitoka Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, la kubebea mizigo midogo na watu wa mauzo. Huko kwao gari jipya la abiria hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo ni moja ya sababu zinazowafanya wenye magari wayauze mapema. Hapa kwetu Probox imekuwa mchomoko. Inapakia abiria stendi, inashusha njiani, inapakia tena, na kila kushusha ni mlango kufunguliwa na kubamizwa. Mama ana ndizi, kijana ana begi, mzee anaegemea kava zima ili ainuke. Mlango wa mchomoko hufanya kwa mwezi kazi ambayo mlango wa gari la ofisini huifanya kwa mwaka na zaidi.

Gari linapotoka Japani nailoni yake mara nyingi ni ileile ya kiwandani. Anayeifungua kwa mara ya kwanza, kwa magari mengi, ni fundi wa kwetu, na kwa kazi ndogo tu: kufunga alamu na loki ya rimoti. Kazi ile hufanywa haraka, gari likiwa bado linanukia upya. Mkono unaingia, nailoni inachanwa kutoka juu hadi chini ili kupitisha mota ndogo ya loki, kisha kava linarudishwa na mwenye gari anafurahia mlio wa rimoti. Mvua ya Aprili ndiyo inayokuja kudai.

Nimemtazama fundi mmoja wa Rwamishenye akifungua mlango wa mbele kushoto wa Probox yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Kioo kilikuwa kimekuwa kizito, mwenye gari alitaka mashine ya kioo ibadilishwe. Fundi hakushika bisibisi kwanza. Alipandisha kioo hadi juu, akatazama kipini cha kuzungushia kimeelekea wapi, akakipiga picha kwa simu. Kisha akachukua kipande cha kitambaa cha zamani, akakipenyeza nyuma ya kipini, kati yake na ile sahani ya plastiki inayolinda kava, akakivuta kulia na kushoto kama msumeno. Nyuma ya kipini kuna springi ndogo yenye umbo la kwato la farasi inayokibana kwenye mhimili. Uzi wa kitambaa ulinasa ncha za springi, ukaisukuma nje, ikasikika ikitoka. Haikuruka kwenda kupotea majanini, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeizunguka. Wapo wanaoitoa kwa bisibisi bapa, na alama za ncha ya bisibisi hubaki kwenye kava maisha yote ya gari.

Baada ya kipini zikaja skrubu. Zinazoonekana si tatizo. Zinazosumbua ni zile zilizojificha: moja ndani ya kikombe cha kifungulio cha ndani, moja au mbili ndani ya shimo la kushikia mlango unapouvuta, mara nyingi zimefunikwa kwa kijifuniko cha plastiki cha ukubwa wa kucha. Kwenye magari mengine kuna skrubu nyuma ya ile pembetatu ya plastiki iliyo kwenye kona ya saitimira, na nyingine kwenye ukingo wa mlango upande wa loki. Kanuni ni moja tu: kava likigoma mahali pamoja huku kwingine limeachia, kuna skrubu hujaiona. Kulivuta kwa nguvu hapo ni kulivunja.

Kuna siri kwenye skrubu hizi ambayo ingewaokoa wengi. Nyota iliyo kwenye kichwa cha skrubu ya Kijapani hailingani kabisa na nyota ya bisibisi nyingi za madukani. Wajapani walifuata kipimo chao cha JIS, na bisibisi ya Phillips iliyotengenezwa kwa mtindo wa Kimarekani haikai hadi chini. Ukizungusha, inapanda na kukwangua. Skrubu nyingi za JIS hujitambulisha kwa kitone kidogo kilichobonyezwa kichwani. Tafuta bisibisi ya namba 2 ya kipimo hicho, na ukiikosa tumia ya kawaida ambayo ncha yake haijalika, ikandamize kwa uzito wa bega kabla ya kuizungusha. Kila skrubu ikitoka, itobolee kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la mlango, mahali pake halisi. Urefu wake haulingani. Ndefu ikienda mahali pa fupi inaweza kufika kwenye kioo.

Sasa klipu. Kava limezungukwa na klipu za plastiki zilizozama kwenye matundu ya bati. Fundi wetu alikuwa na kipande cha mti mgumu alichokichonga chembamba upande mmoja na kukisugua kwa msasa. Alianzia kona ya chini, upande wa bawaba, akapenyeza mti ule kati ya kava na bati, akautelezesha hadi ukagota kwenye shina la klipu, ndipo akauinua. Hapo pana tofauti kubwa. Ukiinulia kati ya klipu mbili, kava linapinda na kumeguka. Ukiinulia palepale klipu ilipo, nguvu yote inakwenda kwenye klipu, nayo ikivunjika ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mlango. Klipu ya kwanza ni ngumu. Ya pili inasaidiwa na ya kwanza. Ukimaliza chini na pembeni, usivute kava kuja kwako. Liinue kwenda juu, kwa sababu ukingo wake wa juu umening'inia kwenye bati chini ya kioo.

Halijatoka bado. Nyuma yake kuna kebo ya kifungulio, na kwenye magari yenye vioo vya umeme kuna soketi ya swichi, pengine na ya spika au taa. Kava lisiachwe lining'inie kwa waya hata dakika moja. Liegemeze kwenye goti, bonyeza ulimi wa soketi, ivute kwa kushika plastiki na si nyaya. Kebo hutoka kwa kuibetua kwenye kishikizo chake, kisha kichwa chake kinaachia tundu. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, toa waya hasi wa betri kabla ya kugusa soketi yoyote na usubiri. Toyota wenyewe huagiza angalau sekunde 90. Baadhi ya magari hayo yana kihisi ndani ya mlango kinachopima mgandamizo wa hewa pale mlango unapogongwa, na kwa gari la namna hiyo nailoni au kifuniko kinachoziba tumbo la mlango ni sehemu ya usalama wa abiria. Tundu lililoachwa wazi linabadilisha hewa inayofika kwenye kihisi.

Kava lilipotoka, nailoni ikaonekana: nyeupe iliyofifia, imebana vizuri, mstari mweusi wa gundi umeizunguka. Mwenye gari alikuwa amesimama nyuma, ana haraka ya kurudi stendi.

“Fundi, hiyo si uichane tu? Inakula muda.”

“Waitu mzee, nikiichana leo utanirudia mwezi wa nne na zulia mkononi.”

Mzee akacheka, akakaa kwenye benchi. Fundi akausogeza mlango uelekee jua, akaenda kunywa chai. Alijua anachofanya. Ile gundi nyeusi ni butili, na asubuhi yenye ubaridi inakuwa ngumu kiasi kwamba ukiivuta, nailoni ndiyo inayochanika. Jua la saa nne likiipiga kidogo inalainika na kuachia yenyewe. Aliporudi aliibandua kutoka kona ya juu, taratibu, akisukuma gundi kwa kidole ibaki upande mmoja, ama kwenye bati ama kwenye nailoni, isigawanyike nyuzinyuzi. Alibandua kiasi cha kutosha mikono miwili kuingia, sehemu ya chini akaiacha. Ile iliyobanduliwa akaikunja, upande wa gundi ndani, asiache vumbi liikalie. Gundi ya butili iliyoshika vumbi la Muleba haishiki tena kitu kingine.

Mashine ya kioo ina sura yake mbele, kwa hiyo nitairuka. Nitasema mawili tu kwa aliyetia mikono ndani ya mlango. Bati la ndani lina kingo zilizokatwa kwa mashine na hazikulainishwa; zinakata mkono kama wembe, vaa glavu au shati la mikono mirefu. Na kwenye vioo vya umeme, hakikisha hakuna mtu anayeweza kugusa swichi vidole vyako vikiwa kwenye mikasi ya mashine.

Mlango ukiwa wazi hivyo, safisha chini yake. Ni nafasi ambayo haitarudi mapema. Fundi wa Rwamishenye alitoa kwa vidole tope jekundu lililokauka, sarafu, risiti ya mafuta iliyooza na mabawa ya senene. Kisha akapitisha kijiti kwenye kila tundu la chini kutokea ndani. Alitumia kijiti na si msumari, kwa sababu msumari unakwangua rangi ya ndani ya tundu na kutu huanzia hapo. Akamwaga maji kutoka kwenye chupa ndani ya mlango. Yalitoka mwanzo yakiwa mekundu, mwisho yakiwa meupe. Alipokwisha kuuacha ukauke, akapaka grisi nyepesi kwenye mshono wa chini.

Kama nailoni bado nzima, kuirudisha ni rahisi. Futa bati kwa kitambaa kikavu, pasha gundi joto kwa mikono au jua, ibandike ukikandamiza kwa kidole gumba kufuata mstari wote bila kuruka. Mahali gundi imekuwa nyembamba, ongeza kipande cha utepe wa butili. Usitumie silikoni inayonuka siki inapokauka. Ile harufu ni asidi, na asidi haipatani na bati. Tena siku nyingine ukitaka kufungua utalazimika kukata kila kitu. Selotepu nayo hukaa mpaka mvua ya kwanza.

Ikiwa nailoni haipo kabisa, na milango mingi imefika hapo, utengeneze nyingine. Zamani mafundi walikata mifuko ya rambo. Ilikuwa myembamba mno, ikichanika kwenye kona, na tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, jambo ambalo limeuokoa mlango wa gari pamoja na mitaro ya Hamugembe. Nailoni inayofaa ni ile nzito ya ujenzi inayotandazwa chini ya jamvi la zege kuzuia unyevu. Mita moja inatosha milango miwili. Chukua ya mlango wa pili kama kielelezo, igeuze kwa ajili ya upande wa pili, au pima juu ya bati lenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Matundu ya kebo na ya waya yakatwe madogo, mchano tu, ili plastiki ikumbatie kinachopita.

Halafu kuna ukingo wa chini, na hapa ndipo hata mafundi wazuri hukosea. Kwenye milango mingi bati la ndani lina nyufa au matundu marefu karibu na chini, na ukingo wa nailoni unatakiwa uingizwe ndani ya hizo nyufa, uning'inie upande wa tumbo la mlango. Maji yanayogonga nailoni hushuka juu yake hadi chini, na mwisho wake ukiwa ndani yanadondokea ndani, kwenye matundu ya kutokea. Ukiubandika kwa nje, nailoni yako, hata iwe mpya namna gani, inakuwa kama bati la paa lililopangwa kinyume: inakusanya maji yote na kuyapeleka sebuleni. Nimeona milango yenye nailoni safi ambayo zulia lake linalowa kwa kosa hili moja.

Kabla ya kurudisha kava, jaribu kwa maji. Kopo moja, limiminwe taratibu juu ya kioo kwa nje, kona hadi kona. Kaa upande wa ndani ukitazama nailoni. Ukiona tone linatokea popote, kandamiza hapo. Chini ya mlango maji yatoke kwa matundu yote, si moja tu. Kipimo hiki ni cha dakika chache na ndicho peke yake kinachoweza kukuhakikishia kazi, kwa sababu kava likisharudi hakuna anayeona kitu.

Kulirudisha kava kunataka subira zaidi ya kulitoa. Hesabu klipu. Zilizobaki kwenye bati zitoe kwa koleo na uzirudishe kwenye kava, kila moja mahali pake. Zilizovunjika au zilizolegea zibadilishwe. Nenda dukani na ya zamani mkononi, ulinganishe shina na kichwa, maana kwa macho zinafanana na kwenye tundu hazifanani. Nyingi za kiwandani zina kipete cha sponji shingoni. Kipete hicho huziba tundu maji yasipite, kwa hiyo usinunue zisizo nacho kama zenye nacho zipo.

Sehemu ya kava inayoshika klipu ikiwa imemeguka, tazama kwanza kava ni la nini. Kwa ubao wa nyuzi, gundi ya mbao na kipande chembamba cha plaiwudi vinatosha, ukishaukausha kabisa. Kwa plastiki, geuza kava utafute herufi zilizochapwa mgongoni. ABS hushika gundi. PP, ambayo ni polipropilini, haishiki supagluu hata ukiimwaga. Itakaa siku mbili na kubanduka kama gamba. Hiyo inaunganishwa kwa joto, kwa pasi ya kulehemu yenye ncha safi, ukiyeyusha kingo mbili pamoja na kuzamisha ndani yake pini ndogo za waya. Ukimaliza huonekana vibaya, lakini ni upande wa nyuma.

Kisha soketi na kebo zirudi kwanza, kava likiwa bado limeegemea goti. Jaribu kifungulio. Jaribu loki. Pandisha na kushusha kioo. Vikikubali vyote ndipo uning'inize ukingo wa juu kwenye bati chini ya kioo, ukihakikisha kitufe cha loki kimepita kwenye tundu lake. Shusha kava lote, chungulia klipu ya kona ya kwanza iwe imelenga tundu, halafu piga kwa kiganja. Kiganja, si ngumi wala nyundo. Klipu iliyolenga huingia kwa pigo moja na husikika. Ikikataa mara mbili, simama, imepinda. Rudi nyuma uinyooshe, kwa sababu pigo la tatu ndilo linalomegua kava. Skrubu ziingie kwa mkono zote kabla ya kukaza hata moja, na zikazwe kiasi, nyingi zinang'ata plastiki tu. Kipini cha kuzungushia kioo huwekewa springi yake kikiwa mkononi, kinaelekezwa kama kwenye picha ya simu, kisha kinasukumwa hadi kigongane.

Mwenye gari ana haki ya kuiona nailoni kabla kava halijafungwa, na hakuna ubaya wowote kumwambia fundi, “Kaka, kabla hujafunga niite nitazame.” Fundi anayejiamini hukuita mwenyewe. Malipo yapatanwe yakiwa na nailoni ndani yake tangu mwanzo, maana fundi aliyelipwa kazi ya kioo peke yake atatamani kuiruka, na saa anayoitumia kubandika ni saa yake.

Milango ya nyuma huachwa nyuma hata kwa hili. Abiria wa mchomoko hubamiza hiyo zaidi ya ile ya mbele, na maji yake hutulia chini ya kiti ambako dereva haweki mguu. Baada ya mvua ya usiku, inua zulia la nyuma kwenye kona iliyo karibu na mlango, kandamiza sponji kwa vidole. Ikiwa na maji, fungua mlango wa upande huo kwanza, kabla ya kutafuta tundu kwenye sakafu.